Pi 5 moto wa kuotea mbali, lakini mfuko wako je?

Leo tuwaache kidogo wapenzi wanaogombana na mabrazameni wanaovaa miwani ya jua usiku. Tuongelee kitu ambacho vijana wananiuliza kila nikikatiza kijiweni: "Dada, hivi hii Raspberry Pi 5 ni kweli au ni mbwembwe tu? Niuze Pi 4 yangu nihamie huko?"

Swali zuri, maana hapo panahusika mshiko, na mshiko mnajua wenyewe hauokotwi barabarani. Jibu langu fupi nalitoa hapa hapa, asiyependa maneno mengi ageuze ukurasa: Pi 5 ni mashine kweli kweli, lakini wengi wanaoililia hawana tatizo ambalo Pi 5 inalitatua. Wanaotaka kujua kwa nini, vuteni kigoda.

KWA WASIOIJUA

Raspberry Pi ni kompyuta nzima iliyobanwa kwenye ubao mmoja, ukubwa wake karibu sawa na kadi ya benki. Haina kioo, haina kibodi, haina boksi wala betri. Unaichomeka kwenye monita au televisheni, unaipa kibodi na mausi, unaipa umeme, basi. Mfumo wake unakaa kwenye memori kadi kama ya simu, na mfumo wenyewe, unaotokana na Linux ya Debian, ni wa bure. Pembeni ina pini ambazo mafundi wanaunganishia taa, vipima joto, mota na vikorokoro vingine.

Walioianzisha ni Waingereza wa Cambridge, akiwemo Eben Upton, walioona vijana wanaoomba kusoma kompyuta chuoni hapo wanapungua. Wakataka kutengeneza kompyuta ambayo kijana ataichokonoa bila mzazi kupandwa na presha. Ya kwanza ilitoka Februari 29, 2012 kwa dola 35. Mwaka 2015 ikaja ya pili yenye viini vinne, 2016 ya tatu yenye Wi-Fi ndani yake, na Juni 2019 ikaja ya nne. Hiyo ya nne ndiyo iliyowafanya watu waanze kuiita kompyuta ya kazi, siyo mdoli wa kuwashia taa za Krismasi. Ya tano ilitangazwa Septemba 2023, ikaingia madukani mwezi uliofuata.

YALIYOMO YAMO

Sifa yake ya kwanza ni mbio. Pi 4 ilipotoka ilikuwa na viini vinne vya gigahezi 1.5. Pi 5 nayo ina viini vinne, lakini vya kizazi kipya zaidi, na vinakimbia gigahezi 2.4. Wenyewe wanasema ni mara mbili hadi tatu ya Pi 4, na hapo hawakutia chumvi. Mtu akifungua kurasa kumi za intaneti kwa mpigo au akitengeneza programu, tofauti anaiona bila kuvaa miwani.

Ya pili ni RAM. Ilianza na GB 4 na GB 8. Mwaka 2024 ikaongezwa ya GB 2, Januari 2025 ikaja ya GB 16, na mwishoni mwa 2025 ikaja ya GB 1 kwa wenye njaa kali. Chunga hapo: RAM imegandishwa kwenye ubao. Huwezi kununua ndogo leo ukasema utaongeza mbele ya safari. Ukichagua umechagua, kama ndoa ya bomani.

Ya tatu ni mlango wa kasi uitwao PCIe. Kwa kibao kidogo cha kuongezea, unaweza kufunga diski ya SSD ile nyembamba inayokaa kwenye laptop, ukaachana na memori kadi kabisa. Hapa ndipo Pi 5 inapoanza kujisikia kama kompyuta ya ofisini.

Ya nne mtacheka: swichi! Tangu 2012 ubao huu ulikuwa hauna swichi ya kuwasha na kuzima. Ukishaizima, ili kuiwasha tena unachomoa waya na kuuchomeka. Pi 5 imewekewa kibonyezo.

Ya tano ni saa. Pi zote zilizotangulia hazina saa inayoendelea kuhesabu umeme ukikatika. Zikiwaka zinauliza saa kwenye intaneti. Sasa fikiria umeme umekatika, umerudi, na bando nalo limekwisha. Kompyuta inaamka na saa ya uongo, na mafaili yako yote yanaandikwa tarehe za ajabu. Kwa mtu anayerekodi mauzo au kupima joto la banda la kuku kila baada ya dakika tano, hiyo ni kasheshe. Pi 5 ina saa yake. Ila kibetri cha kuiendesha hakiji nayo, kinauzwa pembeni. Na mwenye Pi 4 asikate tamaa, vibao vidogo vya saa vya kuchomeka kwenye pini vipo tangu zamani na bei yake si ya kutisha.

WALICHOKIONDOA

Wauzaji hawapendi kuongelea upande huu, kwa hiyo nauongelea mimi.

Tundu la spika na headphone halipo. Kama ulikuwa umeunganisha Pi yako na spika za kizamani ghetto, itabidi upitishe sauti kwenye waya wa HDMI, kwa Bluetooth, au ununue kiadapta cha USB.

Boksi la Pi 4 halifai. Ubao una ukubwa ule ule, lakini tundu la waya wa mtandao na matundu ya USB yamebadilishana nafasi. Kamera ya zamani inafanya kazi, lakini tundu lake limekuwa dogo, kwa hiyo unahitaji utepe mwingine. Nyaya za HDMI ni zile zile ndogo za Pi 4, hizo usizitupe.

Kwenye video kuna mshangao. Pi 4 ilikuwa na kitengo maalumu cha kufungua video za aina ya H.264, ambazo ndizo zimejaa kwenye flashi zenu, na pia kitengo cha kuzitengeneza. Pi 5 imebakiza kitengo cha aina mpya ya HEVC tu. Hizo H.264 inazicheza kwa nguvu ya viini vyake vyenyewe, na kwa picha za kawaida inaziweza bila jasho. Lakini kama Pi yako ni ya kurekodi kamera za ulinzi usiku kucha, fanya majaribio kwanza kabla hujahama. Si kila kipya kinakushinda kile cha zamani katika kila kitu.

Na wanaochezea pini wasikilize. Kwenye Pi 5 zile pini 40 zinaongozwa na chipu nyingine kabisa iitwayo RP1. Programu nyingi za zamani, hasa zilizoandikwa kwa RPi.GPIO ile ya kwenye masomo mengi, zinagoma. Zipo mbadala na kurekebisha si kazi ya mwezi, lakini mwanafunzi anayetarajia kuhamisha kadi yake juma hili na kuonyesha mradi wake kwa mwalimu juma lijalo, nampa pole mapema.

UMEME NA JOTO

Hapa ndipo wengi wanapochemsha.

Pi 5 inataka umeme wa volti 5 na ampea 5. Mtu anakwenda Kariakoo, anaona chaja ya simu imeandikwa wati 65, anafurahi kwamba amepata kiboko. Wapi! Chaja nyingi za simu na laptop hupata wati hizo kwa kupandisha volti, mara 9, mara 15, mara 20. Kwenye volti 5 nyingi zinaishia ampea 3. Pi 5 ikikutana nayo haifi, inawaka vizuri tu, lakini inabana umeme wa kwenye matundu ya USB. Matundu yote yanagawana miliampea 600, badala ya 1,600. Ukichomeka diski ya nje, inaanza kujizima na kujiwasha, nawe unakwenda kumtukana aliyekuuzia diski. Chaja yake rasmi ya wati 27 ndiyo dawa.

Kwa wanaotumia sola au pawabenki nyumbani, hili ni la kufikiria mara mbili. Ikifanyishwa kazi ngumu, Pi 5 inafika kama wati 12, Pi 4 kama 8. Wati 4 ni kidogo kwenye luku, lakini kwenye betri ya sola inayotakiwa kufika asubuhi si kidogo.

Halafu joto. Chipu ikifika nyuzi 80 inaanza kujipunguza mbio yenyewe ili isiungue. Jamaa wa Uingereza anaweza kuiacha mezani uchi bila feni na isilalamike sana. Wewe chumba chako kina bati bila dari, Februari, saa nane mchana, hata wewe mwenyewe umejipunguza mbio. Bila kipooza chake chenye feni, utakuwa umelipia gigahezi 2.4 unazoziona asubuhi tu. Hiyo ndiyo maana halisi ya moto wa kuotea mbali.

HESABU MEZANI

Ilipotoka 2023, Pi 5 ya GB 4 ilitangazwa dola 60 na ya GB 8 dola 80. Watu wakaishia hapo hapo, wakaanza kuhesabu. Wakati huo chaja rasmi ilikuwa dola 12, kipooza dola 5, boksi dola 10. Tayari ile ya dola 60 ikawa 87, na hujanunua memori kadi, waya wa HDMI, kibao cha SSD na SSD yenyewe. Hujalipa usafiri. Hujalipa ushuru. Na muuzaji wa hapa mjini naye ana watoto.

Juu ya hayo, mwishoni mwa 2025 kampuni ilipandisha bei za matoleo mengi, kwa sababu chipu za RAM zimepanda dunia nzima. Wanaojenga mitambo mikubwa ya akili bandia wanazinunua kama hawana akili nzuri. Kwa hiyo zile bei za 2023 unazoziona kwenye video usizibebe kichwani kwenda dukani, utaaibika. Ila pima pia upande wa pili: Pi 4 uliyonayo, hasa ya GB 4 au 8, nayo si kitu cha kugawa bure.

YULE WA SINZA

Nina rafiki yangu ana steshenari Sinza. Anachapa barua, CV, kadi za michango, anatoa kopi. Kompyuta yake ni Pi 4 ya GB 4 iliyofungwa nyuma ya monita, wateja hata hawajui iko wapi. Mwezi uliopita kanikamata.

"Dada, nimeamua. Nahamia Pi 5 ya GB 16. Hii yangu imezeeka, ukiiwasha unaweza kwenda kununua vocha ukarudi ikiwa bado inazunguka."

"Hela unayo, kaka?"

"Ninayo. Ile ya fremu. Mwenye nyumba nitamwomba anisogezee."

Nikanyamaza. Mnawajua wenye fremu wa mji huu. Anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na nyuma yako kuna watu watatu wanasubiri uteleze. Kijana yule steshenari ndiyo inayomlisha yeye, mama yake na mdogo wake aliye kidato cha tatu. Fremu ikienda, Pi 5 ataifunga nyuma ya monita ya nani?

Nikamwambia, "Kabla hujamsogeza mwenye nyumba, tuangalie kwanza ugonjwa uko wapi."

Tukakaa nayo jioni moja. Tukafungua barua tatu na kurasa nne za intaneti, tukaangalia matumizi. RAM haikufika hata nusu ya zile GB 4. Viini vinapumzika. Kinachohema ni memori kadi, ya bei poa, ya miaka mitatu, iliyokatikiwa umeme ikiwa inaandika sijui mara ngapi. Memori kadi kwenye Pi ni kama tairi kwenye daladala. Ikiisha, dereva anasema gari bovu.

Pi 4 inaweza kuwaka kutoka kwenye SSD iliyochomekwa kwenye tundu la USB la bluu, lile la USB 3. Tukatafuta SSD ndogo na waya wake, mfumo tukauweka upya. Ilipowaka yule bwana akasimama, akaniangalia, akaizima, akaiwasha tena. "Dada, ndiyo hii hii?" Ndiyo hii hii. Kodi ya fremu ikalipwa tarehe yake. Na printa yake moja inayogoma kuelewana na Linux bado inagoma, maana hilo nalo Pi 5 isingelitibu. Printa ambayo mtengenezaji hakuiandikia programu ya mashine za aina hii itakununia hata ukiiletea Pi 10.

NANI AHAME, NANI ATULIE

Tulia kama Pi yako inahesabu kuku, inawasha pampu, inaonyesha matangazo kwenye televisheni ya saluni, au inachapa barua. Kwa kazi za vipima joto hata Pi 3 au ile ndogo ya Zero inatosha na chenji inabaki. Pi 4 bado inatengenezwa na bado inapata programu mpya. Haijafa, tumeichoka tu sisi.

Hama kama kila siku unasubiri mashine imalize. Wewe unayejifunza kutengeneza programu na unakwenda kuoga ikiwa bado inatafsiri msimbo. Wewe unayetaka kamera itambue sura au magari na umeshajaribu Pi 4 ikashindwa. Wewe unayetaka iwe hifadhi ya mafaili ya ofisi nzima na unahitaji SSD ya kasi. Na wewe unayetoka kwenye Pi 3 yenye RAM ya GB 1, utafikiri umeokoka. Kwa wengi wenu GB 4 au 8 zinatosha. Hiyo 16 waachie wenye kazi wanayoweza kuitaja kwa jina.

Kuna kundi la tatu ambalo halina Pi yoyote, halina hata monita, na linataka kompyuta ya kwanza ya chuo. Jamani, msinichukie. Piga hesabu ya ubao, chaja, kipooza, boksi, kadi, kibodi, mausi na monita, halafu nenda kaulize bei ya laptop ya mtumba iliyo hai. Laptop ina kioo chake na betri yake, umeme ukikatika katikati ya assignment inaendelea. Pi ni tamu kwa anayetaka kuchokonoa pini, au aliyekwisha kuwa na televisheni na kibodi nyumbani.

KABLA HUJATOA HELA

Jiulize haya. Moja, kitu gani hasa kinachelewa: kadi, RAM, viini, au mtandao wa kampuni yako ya simu? Fungua orodha ya matumizi uone kwa macho, usiniambie "naona tu iko slow". Pili, je, SSD au kadi mpya, ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei hiyo, haitamaliza kesi? Tatu, bei uliyoitaja ni ya ubao peke yake au na chaja na kipooza? Nne, programu zako na printa yako zitakubali? Mwulize mwenye Pi 5 ajaribu kwanza. Tano, hela hiyo ilikuwa ya nini kabla hujaona video?

Hilo la tano ndilo kubwa. Ukilijibu bila kupepesa macho, kanunue, tena ununue na feni yake kabisa, na mimi nitakuja kuishangaa. Ukianza kujikuna kichwa, basi Pi 4 yako inakuita nyumbani.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitarudi kwenye yale yale mnayoyapenda: dada mwenye wachumba wawili waliogundua kwamba wanacheza timu moja ya mpira. Hapo patamu! Kwaherini kwa sasa.